Helmeti ya Fundi Lenzi

Kaka yangu hajawahi kuamini kitu ambacho hajakifungua. Ni fundi saa, na kwa miaka ishirini na sita amekaa kwenye meza ile ile ya dirishani akiwa na lenzi jichoni. Watu wakamwita Fundi Lenzi, na jina likamganda mpaka hata wifi yangu, mke wake, humwita hivyo akikasirika. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Tunatumia chumba kimoja cha kazi: yeye dirishani kwa sababu anahitaji mwanga, mimi mlangoni kwa sababu napenda kujua nani anapita, na anapita na nani.

Sijitoi. Mimi na yeye tumezaliwa tumbo moja na shaka zetu ni za tumbo moja. Mteja akiniapia kwamba kitambaa chake ni pamba tupu, nachomoa uzi nauchoma. Lakini mimi nina kikomo. Kaka akinunua tochi mpya huifungua kabla ya kuiwasha. Redio huihesabu skrubu. Kuna mwaka alirudisha mwavuli dukani kwa sababu kijiti kimoja hakikufanana na wenzake.

Wifi yangu ni mwalimu wa chekechea na hanunui hivyo. Nyanya anazitia kikapuni bila kuzigeuza. Mtoto akimwambia amekula kitabu, yeye huuliza kilikuwa na ladha gani. Nimewahi kujiuliza hawa wawili walikubaliana vipi kuoana, na jibu nililopata ni kwamba yeye aliamua kumwamini siku ya kwanza, na kaka alimchunguza miaka minne akakosa kasoro.

Sasa kuhusu pikipiki. Ni ya zamani, silinda moja, taa ya mviringo, kiti cha springi. Kaka aliinunua kwa mpima ardhi mmoja mstaafu, ikiwa ndani ya magunia matatu na beseni. Alichukua miaka minne kuiunganisha uani nyuma ya chumba chetu, kila nati akiisugua kama ya saa, na mimi nikavumilia harufu ya petroli kwenye magauni ya wateja. Siku ilipoitika kiki kwa mara ya kwanza, wifi alikuwepo. Alipiga makofi, akamsifu, halafu akaweka kikapu chake chini.

“Nimefurahi, mume wangu. Sasa nisikilize. Hutoki getini mpaka nione kidevu chako kimefunikwa. Ukitoka na ile kofia yako ya bakuli, ukirudi utakuta nyumba ina mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe.”

Alikuwa na sababu. Miaka tisa nyuma kaka alianguka na pikipiki ya kuazima kwenye changarawe, kavaa helmeti ya nusu, ile inayoacha uso wazi. Fuvu lilisalimika. Kidevu ndicho kilichopokea barabara. Wifi alimlisha kwa mrija wiki sita, akamfuta, akamgeuza, na kovu lile linaloanzia mdomoni analijua kuliko mwenye nalo. Tena si mtu wa vitisho, kwa hiyo tulielewa wote kwamba atafanya alichosema. Kaka akipata helmeti ya uso mzima atapanda pikipiki yake na mkewe atabaki. Asipoipata, achague kimojawapo.

Kwa mtu mwingine hii ni kazi ya asubuhi moja. Kwa kaka ilikwenda miezi mitano. Zile za barabarani alizimaliza haraka: alikwangua kibandiko cha ubora kwa ukucha kikatoka chote, na chini ya meza ya muuzaji akaona bunda zima la vibandiko hivyo hivyo. Nyingine aliinusa akasema imepakwa rangi juzi, maana yake ilikuwa na sura nyingine kabla ya juzi. Ya tatu aliipenda, ya mviringo, ya mtindo wa kizamani kama pikipiki yake, ila kidevuni ilikuwa plastiki tupu. Alipoibonyeza kwa vidole viwili ikabonyea.

“Hii ni ya kupigia picha,” alimwambia mwenye duka, na tukafukuzwa wote, mimi ambaye sikusema kitu.

Ndipo tukafika kwa Bwana Warantii. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kulitia neno hilo. Duka lake ni safi mno, na mimi duka safi mno hunitia wasiwasi. Alimtazama kaka kichwani, akaenda nyuma, akarudi na helmeti moja nyeusi, ya mviringo, yenye mstari mwembamba wa rangi ya maziwa.

“Ya mwisho ya saizi hii,” alisema. “Vichwa vikubwa haviji kila siku. Mzigo mwingine ni baada ya miezi minne, na hii nakupa na warantii.”

Kaka aliivaa. Ilimbana mashavu mpaka midomo ikachomoza, na ndivyo inavyotakiwa, alishasoma. Aliitikisa kushoto na kulia, kichwa na helmeti vikaenda pamoja. Alijaribu kuivua kwa kuivuta kutoka kisogoni huku mkanda umefungwa, ikakataa. Alishusha kioo akapumua kwa nguvu kuona kama kitaingia ukungu. Halafu akavuta stuli, akakaa.

“Unafanya nini?” aliuliza Bwana Warantii.

“Nangoja nusu saa,” ilisema helmeti. “Kama kuna mahali panauma patajitangaza.”

Alikaa kweli, mikono magotini, kioo kimeshushwa, macho kodo kwenye rafu. Wateja wawili waliingia wakamwona, wakatoka taratibu bila kugeuza mgongo. Mlinzi akaja kusimama mlangoni. Nikamwona Bwana Warantii akisogeza droo ya fedha karibu na tumbo lake, na kwa mara ya kwanza nikamwonea kaka fahari kidogo: kumbe hata yeye anaweza kushukiwa. Nusu saa ilipotimia alivua, akalipa shingo upande, tukaondoka.

Nilidhani yameisha. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameiweka kwenye meza ya saa, juu ya kitambaa cheupe, lenzi jichoni.

“Njoo uone,” alisema.

Pembeni mwa ukingo palikuwa na mkwaruzo. Bila lenzi sikuona kitu. Kwa lenzi niliona kitu chenye urefu wa kope.

“Hii imeanguka,” alisema. “Mtu alinunua, akaanguka nayo, akairudisha. Saa ikianguka kasha linabaki linang’aa, mhimili ndani umekatika. Mara ngapi nimeona? Helmeti ni hivyo hivyo. Lile povu gumu la ndani likishapondwa mara moja halifanyi kazi tena, na kwa nje huoni lolote. Yule alituuzia mbuzi kwenye gunia na warantii zake.”

“Au ilikwaruzwa rafuni.”

“Au.” Lile neno alilitamka kama anatema mbegu.

Nilipaswa kumnyang’anya. Badala yake na mimi nikaanza kukumbuka usafi wa lile duka, ile haraka ya kusema ni ya mwisho, na nikajikuta nasema, “Lakini kweli, ya mwisho kwa nini?” Basi nikawa nimemwagia moto petroli mwenyewe.

Alitoa bitana ya ndani, vitambaa vya mashavuni na cha utosini. Likabaki povu, jeupe, gumu, kama lile wanalofungia televisheni mpya, limebandikwa ndani ya gamba lote la nje. Kuona upande wake wa nje ilibidi kulitenga na gamba. Kaka alichukua kile kisu kifupi anachofungulia mifuniko ya saa, akakipitisha ukingoni, akakipindua kidogo kama anavyopindua mara mia kwa siku. Mfuniko wa saa huachia. Povu liligoma, akaongeza nguvu, bitana ya kidevuni ikachanika, na ndani pakalia mlio mmoja mkavu wa biskuti ikikatwa kwa meno.

Povu lilikuwa limepasuka kutoka paji la uso hadi sikioni. Upande wake wa nje, ule alioutafuta, ulikuwa laini na mpya, hauna alama ya kupondwa hata ya ncha ya sindano. Bwana Warantii alisema kweli. Miaka yote hiyo kaka alikuwa anatafuta kitu kisicho na udanganyifu ndani, siku alipokipata akakiua kwa mkono wake.

Domo lilimshuka. Nilimhurumia mpaka nikashindwa hata kumcheka, na mimi si mtu wa kukosa kumcheka.

Alikuwa ameshamwambia wifi jioni iliyopita kwamba helmeti imepatikana. Wifi alishawaambia walimu wenzake. Jumamosi alikuwa anakuja uani kumtazama akitoka. Kaka alipaka gundi kwenye ufa, akaubana kwa vibanio, akanisogezea bitana iliyochanika bila kunitazama.

“Shona.”

“Unajua unaniomba nini?”

“Nitakwenda polepole. Mpaka mzigo mwingine ufike. Shona tu, mdogo wangu.”

Nikashona. Nisiseme nililazimishwa, hakuna aliyenishika mkono. Nilitumia mshono wa kuficha, uzi nikaulinganisha na rangi, sindano ndogo kuliko zote nilizonazo. Niliogopa, lakini katikati ya kuogopa nilijisikia vizuri jinsi mshono ulivyopotea. Nikaupitishia kidole mara tatu nisiupate. Hilo ndilo linaloniaibisha mpaka sasa.

Jumamosi wifi alifika na gauni lake la njano, lile nililomshonea mwenyewe. Aliichukua helmeti kwa mikono miwili, akaipima uzito, akatazama ndani sekunde moja, kama anavyotazama nyanya. Kisha akamvika mumewe yeye mwenyewe. Akapitisha mkanda kwenye pete zake, akakaza, akamgusa sehemu ya kidevu iliyofunikwa, pale ambapo kwa ndani kuna kovu.

“Ungekuwa mtu mwingine ningeuliza,” alisema. “Lakini kitu kikishapita kwenye jicho lako, mimi nakwenda kulala. Sasa nina amani.”

Kaka akapiga kiki. Pikipiki ikaitika mara ya kwanza, sauti ile nzito ya silinda moja, na wifi akacheka, akarudi nyuma kupisha njia. Geti lilikuwa wazi. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa nyuma, na nakiri nilikuwa nikiomba aondoke haraka ili jambo liwe limekwisha. Kaka akashika klachi. Akakaa hivyo. Halafu akazima injini.

Alisema kitu, maneno yakaishia humo humo ndani ya kofia.

“Unasemaje?” wifi akauliza, bado anatabasamu.

Akapandisha kioo. “Nimesema ni mbovu. Ilikuwa nzima. Niliifungua nikaipasua, nikaigandisha na gundi.”

Wifi hakuelewa kwanza. Alimvua, akaigeuza, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote.

“Mbona sioni?”

Kaka akachomoa bitana, akamwonyesha ufa, akasema na ile ya kidevuni ilichanika. Wifi akaupitishia kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaishika ile bitana, akaikunja, akaikunjua, akaipeleka kwenye mwanga. Nikajua anachotafuta na nikajua hatakipata. Hakukipata. Akainua macho, si kwa mumewe.

“Wifi,” alisema. “Hii ni kazi yako.”

“Ni yangu,” nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtoto wa darasani kwake amemwambia jambo ambalo hakutaka kulijua. Hakugomba. Ningemshukuru angegomba. Kaka aliomba mkasi wangu, akakata mkanda wa helmeti vipande viwili ili asije mtu akaiokota jalalani akaivaa. Wifi alimngoja amalize, akambebea begi lake la vifaa, wakaenda nyumbani kwa miguu pamoja. Wifi alimsamehe kabla hawajafika kona, niliona jinsi alivyomshika kiwiko. Kaka alisema ukweli kidevu chake kikiwa bado kimefunikwa, tena geti liko wazi, na mwanamke yule alilihesabu hilo.

Mzigo ulifika baada ya miezi minne kama Bwana Warantii alivyoahidi. Kaka alinunua nyingine ya saizi ile ile na hakuigusa kwa kisu. Anapanda kila Jumamosi. Wakati mwingine wifi yuko nyuma yake, na helmeti yake mwenyewe ya uso mzima.

Mimi bado namshonea wifi. Ananiletea kitambaa, ananisalimia vizuri, anauliza habari za mgongo wangu. Nikimaliza nampelekea gauni, naye hulipokea, hulipeleka dirishani, huligeuza nje ndani, na kuanza kupitisha kidole kwenye mshono, taratibu, upande mmoja hadi mwingine. Mimi husimama mlangoni nikingoja amalize.