Wasifu wa Amosi Haujaisha

Usiku ule nililala na hasira. Kesho yake ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mdogo wangu Amosi, aliyefia vitani, na mkuu wa wilaya alikuwa anakuja. Katika ukoo wetu msomaji wa wasifu wa marehemu ni mimi, na mimi sifichi kitu. Baba mdogo alipouawa na pombe ya gongo, nilisoma gongo. Watu wakaguna, lakini walijua. Kwa Amosi tu ndipo nilipozibwa mdomo. Ofisa wa jeshi alinivuta pembeni msibani: "Soma kwamba alikufa akilitetea taifa. Mengine ni siri."

Kabla ya vita serikali ilitutangazia kwamba nchi jirani imeficha makombora ya kutupiga. Wabunge walipoomba ushahidi, wakaambiwa kuuonyesha ni kumsaidia adui. Sisi tukatoa vijana.

Basi usingizi ukanichukua. Nikajiona makaburini, kipaza sauti mkononi, nasoma: Amosi alizaliwa kitinda mimba, alipenda mpira na ubishi. Nainua macho, namwona mwenyewe, kakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wafiwa, anakula ubwabwa wa msiba wake.

"Dada, umeruka," anasema.

"Nimeruka nini, mbishi wewe?"

"Nilikufa kwa ajili ya nini?"

Nataka kumjibu, makaburi hayapo tena. Tuko ndani ya ghala, mlango umetobolewa kwa risasi. Magunia yamepangwa mpaka darini. Anapasua moja, mbegu za pamba zinamwagikia buti zake. Anapasua jingine, mbegu. Jingine, mbegu.

"Ghala lenyewe ndilo hili walilotuonyesha kwenye ramani," anasema. "Tumelifia."

"Na makombora?"

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nikimwambia sukari imeisha.

"Nilidhani nyie mliobaki mmeshaambiwa."

Mungu wangu! Nililia ndotoni mpaka kifua kikauma. Nikaushika mkono wake, wa baridi, nikakimbilia maneno yale tunayofungia kila wasifu: "Mdogo wangu, Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Akauchomoa mkono.

"Usimsingizie Bwana. Hakunituma kule yeye. Waulize walionituma walijua nini."

Nikaamka, mto umelowa, kumeshakucha. Mama alikuwa uani anachambua mchele wa wageni. Nikamsimulia yote, na nikamwambia kwamba leo nitasoma hivi: Amosi alikufa, na sababu serikali haijatuambia.

Hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye ungo.

"Watakukamata," akasema.

"Kwa kusoma wasifu, mama?"

Akaokota jiwe moja, akalitupa, nikadhani amenikataza. Kisha akauweka ungo chini.

"Basi ukifika hapo usome taratibu. Na mimi niwekeeni kiti mbele, karibu na mkuu wa wilaya. Masikio yangu yamezeeka, nataka nisikie anajibu nini."