Siku Bibi Aliponipa Kazi ya Kutafsiri

Mnicheke taratibu, maana Bibi ameshanicheka vya kutosha.

Dokta Meera, msomi kutoka India aliyepata ufadhili wa kuja kutafiti koo za Waluguru, alinichukua niwe mkalimani wake. Mimi Mluguru niliyekulia Mafiga mjini, ukalimani haukunitosha, nikajipa na ualimu. Njia nzima ya kupanda mlima nilimfundisha kwamba mimi ni wa ukoo wa baba, kama watu wote duniani.

"Nimesoma kuwa kwenu mtoto hufuata ukoo wa mama," akasema kwa upole.

"Vitabu hivyo, Dokta!" nikacheka. "Ngoja tukamuulize bibi yangu, mzaa mama."

Tulimkuta Bibi akichambua maharage. Nikampa shikamoo, nikamuuliza swali la mgeni, na jibu nikamtajia mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Bibi akaweka ungo chini.

"Kumbe wewe si wa kwetu? Basi yule mtoto niliyembeba mgongoni mpaka kiuno kikaniuma alikuwa wa nani?"

Akamtazama Dokta, aliyekuwa anasubiri na kalamu mkononi, kisha akanigeukia.

"Haya, mtafsirie."