Mpaka wa Jimbo Ulipofika Kwenye Maharage

Siku yangu ya kwanza kazini, Kasulu mjini, nilikabidhiwa mhuri, kidau cha wino na kiti kibovu. Msimamizi wa Uchaguzi, mtu mfupi asiyependa kukaa, alitupanga makarani ukutani akasema, "Ukishavaa kitambulisho hiki huna mama, huna shangazi, huna mkwe. Una daftari tu." Tukaitikia, "Ndiyo, mzee." Nilidhani nimeelewa. Leo nimestaafu, meno yamepungua, na neno hilo la mkwe bado linanisumbua.

Ninyi vijana mnaopiga picha vidole vyenye wino hamjui tulikotoka. Nilipoanza, chama kilikuwa kimoja na wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Mpiga kura aliingia kwenye kituturi, kile kibanda cha kumficha anapochagua, akatia alama yake basi. Mzee mmoja wa Heru Juu alitoka kituturini na karatasi mkononi akaniuliza, "Baba, nyumba ninayo, na jembe ninalo. Sasa niache lipi?" Kanuni ilinikataza kumjibu. Hata isingenikataza, nisingejua la kumwambia.

Baadaye nikahamishiwa Kibondo, kata ya Kumsenga. Msimamizi Msaidizi wa huko alikuwa mpole, ila aliogopa lakiri kama watu wanavyoogopa radi. Lakiri ni kile kifungo chenye namba tunachofungia sanduku la kura. Alitusomesha namba mara tatu, kisha akasoma mwenyewe mara ya nne. "Namba ikikosewa, sanduku zima linakuwa la uongo," alisema. Wakati huo vyama vilikuwa vimeshakuwa vingi, mawakala wao wamejaa benchini, kila mmoja na daftari lake la kunikagua. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijui kama nimepona.

Niliporudi Kasulu nikakuta jimbo letu la zamani linakatwa. Lilikuwa jimbo pana, vilima kwa vilima. Likatolewa kipande, kikapewa jina. Kata zikazaa kata, wilaya ikazaa wilaya. Mimi mwenyewe nimeishi katika majimbo matatu bila kuhamisha hata kuku. Mke wangu akiniuliza mbunge wetu ni nani, kwanza namuuliza anazungumzia mwaka gani.

Katika kukatwa huko nilipewa kazi ya kuhakiki mpaka upande wa kuelekea Muyama, karibu na kwa wakwe zangu. Msimamizi wa wakati huo alikuwa mtu wa maneno machache. "Mpaka ni kijito," aliniambia. "Tembea nacho. Kaya za kushoto zinabaki kwetu, za kulia zinaenda jimbo jipya. Orodhesha." Kazi nyepesi, mtu angesema.

Ilikuwa kiangazi. Anayetujua Waha anajua kwamba kiangazi hatuliachi bonde lilale. Watu hukichepusha kijito, maji wakayapitisha kwenye mfereji pembeni ya mlima, na pale kijito kilipokuwa kikipita wakapanda maharage. Mvua zikirudi, maji nayo hurudi kwao. Nilikuwa nayajua hayo tangu utoto. Nilifika mahali maji yanapoacha njia yake na kukata kushoto. Mbele yangu, katika njia halisi ya kijito, kulikuwa na shamba la maharage. Katikati ya maharage alikuwa mama mkwe wangu, ameinama, kitenge amekikunja juu ya magoti.

Mkwe mwanamume hampiti mama mkwe katika hali ile. Ukikutana naye njiani unaingia porini, hata kama pori ni miiba. Nilisimama na karatasi zangu, sijui nifanye nini. Kukohoa ni aibu, kumwita ni aibu kubwa zaidi. Mwishowe nikajiambia: kijito si ni maji? Na maji si haya? Nikageuka, nikaufuata mfereji.

Kati ya mfereji na ile njia ya zamani kulikuwa na nyumba kumi na moja. Zote nikaziandika kulia, jimbo jipya, na ya mama mkwe ikiwemo. Msimamizi aliipokea fomu akaniuliza, "Umetembea na kijito mwanzo hadi mwisho?" Nikasema, "Ndiyo, mzee." Akapiga mhuri.

Siku ya kura mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kituo cha shuleni, kile alichozoea mama mkwe. Alifika mchana, amevaa vizuri, akapanga foleni. Karani mwongozaji, yule anayetafuta majina daftarini, alitafuta akakosa. Akamwambia jina lake liko kituo cha ng'ambo ya mlima. Mama mkwe hakupandisha sauti. "Nimepiga kura hapa tangu jembe na nyumba," alisema. "Leo nimekuwa wa wapi?" Karani alinigeukia. Mimi nikaangalia lakiri.

Alikwenda kwa miguu, akakuta kituo kimefungwa. Kesho yake mke wangu aliniletea habari: mama amesema hatajiandikisha tena popote mpaka aelezwe kwao ni wapi. Alikuwa mtu aliyependa kura yake. Niliona haya. Nilikusudia kuandika barua ya marekebisho, lakini kabla sijaimaliza jimbo likakatwa tena, mpaka ukasogezwa, na zile nyumba kumi na moja zikarudi kwetu zenyewe. Karatasi zikasahihika bila mimi. Mama mkwe hakurudi. Chaguzi zikapita, mwanamke yule akawa analima tu.

Kustaafu kunampa mtu muda mwingi wa kufikiri, na mimi nikifikiri sana sipati jibu. Yule bosi wa kwanza alisema karani hana mkwe. Lakini mimi nilikuwa naye, pale kwenye maharage. Ningefanyaje? Mwaka huu, waliposema daftari la wapiga kura linaboreshwa, niliona nikizidi kunyamaza mmoja wetu atakufa na swali lake.

Nikaenda kwa mama mkwe. Nilikaa mlangoni, nikatazama nje kama heshima inavyotaka, nikamwambia yote: mfereji, nyumba kumi na moja, fomu, mhuri.

"Nilikuona, baba," akasema. "Nilikuona tangu uko juu mlimani. Nikainama kwenye maharage, nikajificha ili upite."

"Kumbe mama ulijificha?"

"Ego, ndiyo. Mgongo uliniuma kwa kuinama. Nikawa najiuliza, huyu mkwe mbona hapiti? Ningejua umebeba kazi ya serikali, ningeondoka."

Sikujua nicheke au nilie, na nadhani nilifanya vyote viwili. Kila mmoja alimpisha mwenzake, na jimbo likapotelea hapo katikati.

Aliomba fimbo yake. Bodaboda moja tusingeweza kupanda, mtu na mama mkwe wake, kwa hiyo tulitembea hadi kituo cha shuleni, mimi mbele, yeye hatua kadhaa nyuma. Karani aliyekuwepo, binti mwenye mashine ya kupiga picha, alitutazama kwa mashaka. Mzee huyu anatazama ukutani, bibi yule anatazama mlangoni.

"Mko pamoja?" akauliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, huku akivuta kiti.

"Tuko pamoja, mwanangu. Huyu ndiye aliyenipoteza. Andika."