Nilivyoikoleza barua ya Mzee Njiku ya kumlalamikia askari

Wakuu, kwema humu? Wanaodhani ni chai ya kutunga wapite kushoto. Hii ni yangu mwenyewe, na mkosaji ni mimi.

Nina steshenari pale Mkiwa. Natoa kopi, naandikia watu barua.

Siku moja akaja Mzee Njiku, mkulima wa alizeti, mtu mstaarabu haswa. Nikampa shikamoo yake. Askari alikuwa amemzaba kofi njia panda, wakibishania baiskeli, mbele ya mkwewe.

Wa kwetu mnanielewa. Mbele ya mkwe hata kukohoa unajipima.

"Mwanangu, sitaki afukuzwe," akasema. "Aje aniombe radhi, mkwe wangu akiwepo."

Ipo tume inayopokea malalamiko dhidi ya askari. Kupeleka ni bure, barua tu. Nikaandika.

Hapo ndipo ujuaji uliponiponza. Nikawaza, nani atafunga safari kwa kofi moja? Nikaongeza teke la mbavu. Nikaongeza na jino kung'oka. Mzee hajui kusoma, nikamsomea kwa kurukaruka, akaweka dole gumba.

Miezi ikapita. Kumbe wale watu wanafuatilia bwana! Akaja mchunguzi, dada mpole, tukakaa ofisi ya kijiji: yeye, mzee, mkwe na mimi. Akaisoma barua yote kwa sauti.

Mzee akamkatiza. "Sikupigwa teke, mama. Na hili jino lilitoka lenyewe zamani."

"Lakini dole ni lako, baba?"

"Ni langu."

Mzee akanitazama. Ningesema palepale yangeisha. Nikainama, nikajifanya nasoma meseji.

Mkwe ndiye alikuwa shahidi pekee. Akasema hatii sahihi penye uongo, akaondoka.

Baadaye majibu yakaja: malalamiko hayakuthibitika, jalada limefungwa. Safari hii nilimsomea mzee yote, bila kuruka.

Akauliza, "Mwanangu, kwani kofi langu lilikuwa dogo?"

Wakuu, kofi alipigwa na askari, lakini jina la mwongo nimempa mimi, na mkwewe hajakanyaga kwake tangu siku ile.

Ukilalamika, sema kilichotokea, basi. Ukweli hauhitaji chumvi yako.

Nimeshaandika barua ya kuiambia tume kwamba uongo ni wangu. Wiki ya tatu iko kwenye kompyuta, naogopa kuiprinti.

Aliyewahi kuona jalada lililofungwa likifunguliwa tena aniambie. Matusi pia leteni, ila mzee msimguse.