Damu ya Mizani

Benchi la nje bado halijajaa wagonjwa. Ndani ya maabara, mashine ya kuzungusha damu inavuma kwa sauti ya chini. Mwanamke mwenye koti jeupe lisilofungika tena tumboni ameegemea meza, macho ameyafumba nusu.

"Ikivuma, naye anatulia," anasema, akijipapasa tumbo. "Ikisimama tu, teke! Sijui anadhani ni wimbo wake?"

Wenzake humwita Mizani. Kwa miaka sita, kila Jumatatu, damu yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupimwa, kabla ya mgonjwa yeyote. Majibu yake hayakuwahi kuyumba. Yakifanana na ya wiki iliyopita, mashine ya kupimia ni nzima. Yakitofautiana, mashine ina kasoro.

Mimba ikaingia, tumbo likachomoza, mazoea yakabaki palepale.

Ndipo Jumatatu moja, ujauzito ukiwa umeingia miezi ya mwisho, kimeng'enya kimoja, kile ambacho watu wa maabara hukiita kwa kifupi ALP, kikasoma karibu mara mbili ya kawaida yake.

"Nikasema taa ya mashine imechoka," anasimulia Fundi, mwenzake anayetunza mitambo. "Nikabadilisha taa. Nikasafisha mirija. Namba haibanduki! Nikaiambia mashine, wewe leo umelewa."

Nje foleni ilirefuka, watu wakaanza kunung'unika. Mwishowe Fundi akakunja shati, akatolewa damu yake mwenyewe. Majibu yakatoka safi, hayana doa.

Mashine ilikuwa nzima.

"Fundi akanigeukia," Mizani anakumbuka. "Kama si mashine, basi ni mimi."

Kimeng'enya hicho hupanda ini likiwa na matatizo. Na mimba yake ya kwanza ilitoka bila hata kubisha hodi. "Haya yote nilisoma chuoni," anasema. "Lakini damu ikiwa yako, masomo yanakukimbia. Nilishika tumbo tu, nikawa nasikiliza."

Daktari wa wajawazito, mama wa makamo anayemwita kila mtu mwanangu, alimpima presha, akamuuliza kama mwili unamwasha, maana ini la mjamzito likiugua ngozi huwasha. Kisha akatazama majibu yote, si lile moja tu. Vimeng'enya vingine vya ini vilikuwa vimetulia mahali pake.

"Mwanangu, ini lako limelala usingizi mzuri," alimwambia. "Hiki kinatoka kwenye kondo la nyuma. Miezi hii ya mwisho, kondo hukimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama. Ukishajifungua kitashuka chenyewe, wiki baada ya wiki."

"Kwa hiyo ni yeye?"

"Ni nyumba yake. Nanyi mnahangaika kufungua mashine! Tumbo lote hilo hamkuliona?"

Waliliona, Fundi anakiri huku akicheka. "Tumbo tuliliona kila siku, dada. Ila hatukujua kwamba nalo linaingia maabara."

Siku hizi mkono wa Jumatatu ni wa Fundi. Mizani anamfunga mpira juu ya kiwiko, naye anaikodolea macho dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

"Taratibu, dada. Mkono huo unalisha familia."

"Tulia, baba mzima! Hata sijagusa."

Damu inapanda ndani ya kichupa, nyekundu, bila haraka. Mashine inaanza kuvuma. Ndani ya tumbo, mtu anatulia.

Mizani ameshapanga. Akijifungua salama, atarudi kupima damu yake mpaka namba ile ishuke ilipokuwa zamani. Fundi anamuuliza kama hataona uchungu kuiona ikiondoka.

"Nitaona kidogo," anasema, macho yake yakifuata mzunguko wa mashine. "Sasa hivi namba ile ndiyo habari ya mtoto ninayoweza kuisoma. Lakini ikishuka, nataka iwe nimembeba yeye mgongoni, amelala, hajui hata tunapima nini."