Kuonja Si Kula

Bi Mwiko hakuwahi kukaa kitako kula chakula cha mchana tangu alipoanza kupika shuleni, na alianza kupika shuleni mwanawe akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Leo mwana huyo ni fundi bomba mwenye ndevu zake, ana mke, na mtoto wake naye ni wa kubebwa mgongoni. Sufuria ni zile zile, pana kiasi kwamba ungeweza kumwogeshea mtoto ndani, na mwiko ni ule ule mrefu uliompa jina.

Presha ndiyo iliyoingia bila hodi. Alianza kulalamika kwamba kichwa kinamgonga kama kuna mtu anapigilia misumari humo ndani. Mkwewe, mke wa fundi bomba, akambembeleza mpaka zahanati. Muuguzi akamfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akatazama kipimo, akaufungua, kisha akaufunga tena kana kwamba mwenye makosa ni mkanda.

"Mama, wewe na chumvi ni ndugu?"

"Mimi ni mpishi," Bi Mwiko akajibu.

"Basi undugu huo uishe. Vidonge hivi kila siku, na chumvi kidogo sana."

Tangu siku hiyo mkwe akashika jiko la nyumbani. Akakamua ndimu, akaponda tangawizi na kitunguu saumu, akajitahidi kweli kweli. Na kwa kuwa mgonjwa hapikiwi peke yake, nyumba nzima ikala chakula kisicho na chumvi.

"Mke wangu," fundi bomba akauliza siku ya kwanza, "hii mboga imefariki?"

"Imepumzika. Kula."

Akala. Ila kuanzia siku ya pili alikula kwa adabu ya ajabu, ameinamisha kichwa, mkono mmoja ukienda mfukoni mwa shati na kurudi. Mkewe aliona, akajifanya haoni. Mwanamume mzima kuficha chumvi kwenye karatasi kama peremende! Aliyekula kwa moyo mweupe ni mtoto peke yake, maana yeye alikuwa hajaujua ulimwengu.

Waliporudi zahanati, presha haikuwa imeshuka. Tena ilikuwa imejipandia kidogo.

"Vidonge unameza?" muuguzi akauliza.

"Nameza."

"Basi chumvi inaingia kwa mlango mwingine. Mama, nikwambie ukweli, ukija tena hivi, daktari atakuandikia upumzike. Jikoni utaaga."

Wakashika njia ya nyumbani. Bi Mwiko, aliyekuwa akisalimia mpaka kuku wa watu, leo aliwapita kama hawaoni. Karibu na nyumbani ndipo akasema, taratibu, akitazama viatu vyake:

"Mwanangu, mimi sikushuku. Ila mkono wa mpishi una mazoea. Pengine unatia kidogo bila kujijua."

"Sitii, mama."

"Sijasema unatia. Nimesema pengine."

Hilo "pengine" lilimkwama mkwe kooni kama mwiba wa samaki. Jioni ile alipopika, alilipeleka kopo la chumvi uani, akaliweka juu ya ukuta, mahali ambapo hata jirani angeshuhudia kwamba halijaguswa.

Kesho yake asubuhi akakuta vidonge vya mama mkwe vimesahauliwa kando ya birika. Akambeba mtoto, akatoka mbio mbio mpaka shuleni. Jikoni moshi ulikuwa umetanda, wasaidizi wawili wanakata kabichi, na Bi Mwiko amesimama katikati kama jemadari.

"Karibu, mwanangu! Ngoja nimalizane na haya maharage."

Akachota kidogo kwa mwiko, akadondoshea kiganjani, akapuliza, akalamba. Akatikisa kichwa. Akatupia chumvi, akakoroga, akadondoshea tena kiganjani, akalamba. Akahamia kwenye mchuzi. Akahamia kwenye kabichi. Akarudi kwenye maharage, maana maharage hayaaminiki.

Mkwe alisimama na vidonge mkononi, macho yamemtoka. Kumbe mlango wa chumvi ni huu!

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "unakula?"

"Nakula saa ngapi mimi? Naonja. Kuonja si kula."

Wasaidizi wakaitikia kwa vichwa. Jikoni kwao hilo lilijulikana na kila mtu, kama inavyojulikana kwamba moto unaunguza.

Mkwe angesema nini? Mama mkwe hakosolewi mbele ya watu wake. Akampa vidonge vyake, akaketi kwenye kigoda, akaomba bakuli. Kila Bi Mwiko alipodondoshea kiganjani, naye alichota kiasi kile kile, akamimina kwenye bakuli. Maharage, mchuzi, kabichi, maharage tena. Wasaidizi walidhani ni chakula cha mtoto.

Kengele ilipolia, bakuli lilikuwa limejaa. Akalishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akamwekea Bi Mwiko mbele.

"Chakula chako cha mchana, mama."

"Mbona kingi hivyo? Mimi mchana sili."

"Hiki umeshakila, mama. Nilikuwa nakuhifadhia hesabu."

Bi Mwiko akatazama bakuli. Akatazama kiganja chake, chekundu kwa mchuzi. Msaidizi mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na kicheko kikawaangukia wote mpaka mtoto naye akapiga kelele mgongoni.

"Kumbe mchawi ni mimi mwenyewe!" Bi Mwiko akasema, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Na nikakusingizia mtoto wa watu. Nisamehe, mwanangu."

"Hukunisingizia, mama. Ulisema pengine."

"Ee, nichome tu, nastahili."

Sasa aonje nani? Wasaidizi walimwogopa, kila kitu wangesema kitamu. Wakamwita mlinzi wa geti, mtu ambaye hajawahi kusifia hata mvua baada ya kiangazi. Mlinzi akaja na kijiko chake mfukoni.

"Haya maharage yamepoa moyo," akatangaza. "Ongeza chumvi. Hapana, usiongeze bado, sijasikia vizuri. Nipe tena."

"Wewe unaonja au unashiba?"

"Bi Mwiko, kuonja si kula."

Akafukuzwa na mwiko, lakini kesho yake akaitwa tena.

Bi Mwiko na mkwewe waliporudi zahanati, muuguzi alifunga mkanda mara moja tu. "Imeshuka," akasema. "Endelea hivyo hivyo. Na jikoni kwako rudi."

Jioni hiyo Bi Mwiko alilitoa kopo la chumvi ukutani, akamwekea mwanawe mezani, taratibu.

"Toa hiyo karatasi mfukoni, shati litatoboka. Mgonjwa ni mimi. Wewe tia kwenye sahani yako."

Fundi bomba akababaika. "Mama, ulijua?"

"Nimekulea, baba. Ulipokuwa mdogo ulificha sukari mfukoni hivyo hivyo."

Kisha akaenda jikoni mkwewe alikokuwa akipakua. Akachota mchuzi kwa mwiko, na mkono wake wa kushoto ukajifungua wenyewe, kiganja juu, kama ulivyozoea miaka yote. Mkwe akamtazama. Bi Mwiko akaufumba ule mkono, akautia chini ya kanga. Akakishika kiganja cha mkwewe, akakidondoshea mchuzi, akaupuliza kwanza usimuunguze.

"Onja wewe," akasema. "Utakavyosema, ndivyo."