Kazi ya Dakika Tano

Mtaani kwao Luyanó, Havana, michezo, filamu na soga zote zilipita kwenye waya zilizotambaa juu ya mapaa, na mlinzi wa waya hizo alikuwa Osmany Quiala. Nyumba mia mbili zilimtegemea, na cheo hicho kisicho na mshahara kilimvimbisha kichwa. Sheria kubwa ilikuwa moja: intaneti isiingizwe kwenye mtandao wa mtaa. Ikivuja tu, wakubwa wa mtandao wa jiji wangewakata wote.

Asubuhi moja kompyuta yake ikamwonyesha intaneti ikivuja kutoka kwa Migdalia, jirani yake, mshonaji mjane. Akapanda paani. Kumbe mama huyo alikuwa akinasa kwa antena mawimbi ya intaneti ya umma kutoka bustani ya mbali, na waya wa antena kauchomeka kwenye kisanduku kilekile cha mtaa.

"Mwanangu Reinier yuko msituni Darién, kule Panama, anakwenda kaskazini kwa miguu," Migdalia alimwambia. "Huniandikia kila asubuhi. Ukikata, nitajuaje kama yu hai?"

"Mama, nikikuachia wewe, kesho kila mtu atafanya lake."

Kutenganisha waya zile mbili ilikuwa kazi ya dakika tano, naye alijua fika. Ila hakutaka aonekane mlaini. Akamkatia waya wa mtaa, akalibandika jina la Migdalia kwenye ubao wa mtandao: adhabu, siku thelathini. Majirani wakamcheka. Kwa aibu na woga, mama wa watu akaishusha na antena yenyewe, akaifungia kabatini. Osmany alimwona akiishusha. Angeweza kumwambia hiyo haikuwa na kosa. Akajitia hamnazo, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Siku ya kumi na tisa mpwa wake Migdalia alimrudishia mama huyo simu yake, aliyoipeleka bustanini kunasa intaneti. Jumbe za Reinier zilikuwa tisa. Mama, mbona kimya? Nina homa. Nitumie sauti yako tu. Wa kumi uliandikwa na mwenzake wa safari: Reinier walimzika njiani.

Adhabu ilipoisha, Osmany alikwenda na koleo bila kuitwa. Migdalia hakumfukuza, aliteleka kahawa, akasimama kumtazama. Osmany akatenga waya, kisanduku hiki cha mtaa, kile cha antena, akakaza skrubu ya mwisho. Kahawa ilikuwa bado haijachemka.

"Yaani ni hivyo tu?" Migdalia aliuliza.

"Ni hivyo tu, mama."